Upande Uliolala

"Mikono mezani," Inspekta alisema. "Ukitaka kujikuna, omba ruhusa."

Fundi akaiweka mikono mezani. Alikuwa kijana mrefu mwenye fulana iliyofuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za watu. Hilo halikuwa kosa. Kosa lake, kama lilikuwepo, ni kuwa mchumba wa Chiriku, na Chiriku hakuonekana tangu Jumanne iliyopita. Mchumba wa mtu aliyepotea hana pa kushika: akilia, wanasema anaigiza, asipolia, wanasema hana uchungu. Huyu hakuwa amelia mbele ya mtu yeyote, na Inspekta alikuwa amelitia hilo akilini.

Walikuwa katika chumba cha vielelezo, nyuma ya kituo, pale panapowekwa kila kitu ambacho polisi wamekichukua na hawajui wakifanyeje. Pikipiki isiyo na gurudumu la mbele. Magunia. Televisheni zinazotazama ukuta. Mezani palikuwa na kompyuta mbili. Ya kwanza ilitoka studio ya kurekodi michezo ya redio, alikofanya kazi Chiriku, na sasa ilikuwa imezungushiwa utepe na kupigwa lakiri. Hakuna wa kuigusa. Ya pili ilikuwa ya Inspekta mwenyewe. Ndani yake alikuwa amenakili kila kilichokuwemo katika ile ya kwanza, mpaka takataka zake, ili kama kuna mtu wa kuvuruga, avuruge nakala.

Na alikuwa na haraka. Asubuhi ile Mkuu wa kituo alimwita ofisini, hakumkaribisha kiti.

"Hili jalada liko wazi kwa nini?"

"Mtu hajaonekana, Mkuu."

"Mtu mwenyewe ni mtu mzima, ana akili zake. Kasema kwa kinywa chake: naondoka, msinitafute. Wewe unamtafuta, umekuwa mama yake?"

"Sauti nimeisikia, Mkuu. Kinywa sijakiona."

Mkuu hakupenda majibu ya namna hiyo, hasa kabla ya chai. "Nina watu waliopotea bila kuaga, hao ndio wa kutafutwa. Kabla sijatoka leo, nilikute hapa limefungwa."

Na jalada likishafungwa, basi tena. Hakuna gari, hakuna askari, hakuna wa kumuuliza mtu swali. Kama Chiriku alikuwa mahali anangoja kutafutwa, angengoja sana.

Inspekta akabonyeza kitufe. Sauti ya msichana ikajaa chumbani.

"Mama, nimechoka. Naondoka." Pumzi ikashtuka, ikakatika. "Msi..." Ikashtuka tena. "Msinitafute."

Hayo tu. Faili hilo lilikutwa Alhamisi, siku ya upekuzi, limekaa waziwazi kwenye kioo cha kompyuta ya studio kwa jina la *Kwa Mama*. Askari aliyeandika maelezo aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Msichana anasikika akilia kwa kwikwi.* Mama mtu alisikilizishwa mara moja, akasema, "Ni yeye." Tangu siku hiyo anakuja kituoni kila asubuhi, anakaa kwenye benchi la korido, hamsemeshi mtu.

"Umesikia," Inspekta alisema.

"Nimesikia."

"Na huna la kusema."

"Ni sauti yake, Afande. Nikisema si yake nitakuwa mwongo."

Inspekta alimtazama kwa jicho la pembeni. Jibu lilikuwa zuri. Mtu mwenye majibu mazuri mapema hivi humtia wasiwasi.

"Haya. Nieleze hii kompyuta kama unavyomweleza shangazi yako."

"Shangazi yangu ni mhasibu, Afande, anajua kuliko mimi."

"Basi nieleze kama mimi."

Ukweli ni kwamba Inspekta alikuwa anaijua kompyuta ile vizuri. Alikuwa amekaa nayo siku mbili, akaigeuza juu chini, isipokuwa upande wa Chiriku uliofungiwa kwa paswedi. Lakini mtu ukimuuliza usilolijua, unapata habari. Ukimuuliza unalolijua, unampata yeye. Kwa hiyo akakunja mikono, akajifanya mgeni.

Fundi akaanza. "Kompyuta ni moja, ina mifumo miwili. Ukiiwasha inakuuliza uingie wapi, Windows au Linux. Windows ni ya Besi."

Besi alikuwa mrekodi sauti na mwenye studio. Jina alipewa kwa ile sauti yake nzito inayotokea tumboni.

"Linux ni ya Chiriku," Fundi aliendelea. "Nilimwekea mimi, ili asimsumbue Besi kwenye vitu vyake. Diski ni ileile, imegawanywa. Kila mtu na upande wake."

"Wanaonana?"

"Chiriku anamwona Besi. Besi hamwoni Chiriku."

"Kwa nini?"

"Windows haijui kusoma namna Linux inavyopanga mafaili yake. Inaona sehemu imekaa tu, inakwambia ifute uanze upya. Linux inasoma kotekote."

"Besi ana paswedi."

"Paswedi inafanya kazi Windows ikiwa macho. Ukiingia kwa Linux hiyo paswedi hukutani nayo kabisa. Mafaili yake hakuyafungia, yako wazi."

"Kwa hiyo mtu aliyekaa upande wa Chiriku angeweza kuingia upande wa Besi bila paswedi, akaliweka faili pale kwenye kioo chake."

"Kuingia, ndiyo."

"Nimesema kuweka."

"Kuweka ni neno lingine, Afande."

Hapo Inspekta akakisogeza kiti karibu. "Wanaoujua upande wa Chiriku ni wangapi?"

"Wawili."

"Chiriku na nani?"

Fundi alijigusa kifua kwa kidole.

"Paswedi yake?"

Masikio ya Fundi yalibadilika rangi. "Naomba niandike mwenyewe."

"Mikono mezani. Itamke."

"Mzigowangu," alisema kwa sauti ya chini. "Herufi ndogo zote, bila nafasi. Ndivyo alivyokuwa ananiita."

"Anavyokuita," Inspekta alimrekebisha, akaandika. Hakucheka, ingawa alitaka. Upande wa Chiriku ukafunguka, na picha ya paka mwenye miwani ikawatazama wote wawili.

"Sasa mikono ruhusa. Andika neno lolote, liweke kwenye kioo cha Besi. Nakuangalia vidole."

Fundi akaandika, akapeleka. Kompyuta ikakataa. Akarudia. Ikakataa tena: sehemu hii ni ya kusomwa tu.

"Inakataa," alisema.

"Nimeona inakataa. Nauliza kwa nini."

"Kwa sababu Windows imelala. Besi hazimi, analaza. Kompyuta inakumbuka kila alichokuwa amefungua, akiiamsha anavikuta palepale. Sasa Linux ikiona mwenzake kalala na kazi zake mkononi, haikubali kumwekea kitu, isije ikamvurugia. Unaweza kusoma, kunakili, kuchukua. Kuweka huwezi. Chiriku alilalamika mpaka akachoka, akawa anampelekea Besi vitu kwa flashi."

Inspekta alijua. Jana yake alijaribu mwenyewe kwa Linux nyingine ya kwenye flashi, ikamkatalia vilevile. Sasa ndipo palipokuwa na mtego, na aliutega bila kupandisha sauti.

"Kwa hiyo hakuna njia kabisa."

Feni ilizunguka kwa kusuasua. Mtu mwenye hatia angesema hapo, *hakuna njia, Afande*, akajifuta jasho akaenda zake. Inspekta alilisubiri neno hilo.

"Njia ipo," Fundi alisema.

"Unasema?"

"Kuna amri ya kuulazimisha. Nikiiandika, upande wa Besi unahesabiwa umezimwa, na ninaweka ninachotaka. Naijua hiyo amri, Afande, sitaki uje uisikie kwa mwingine. Lakini ukifanya hivyo, ile kumbukumbu ya alichokuwa amefungua inapotea. Besi akiwasha, anakuta kioo kitupu, anaanza moja."

Inspekta alilifungua jalada, akatoa picha. Askari wa upekuzi walipiga picha ile Alhamisi, Besi alipoiamsha kompyuta mbele yao kabla ya kuilaza tena. Kioo kilikuwa kimejaa: muziki wa kipindi fulani uliochanganywa nusu, matokeo ya mpira, barua pepe aliyoiacha katikati ya sentensi. Na pembeni, *Kwa Mama*.

Hakuna aliyelazimisha kitu.

Alihisi furaha fulani, akaizuia, maana furaha ya mapema imewapoteza wapelelezi wengi. Akamwangalia tena yule kijana. Alikuwa amekiri kitu ambacho kingemtia ndani, na kitu hichohicho ndicho kilichokuwa kinamtoa. Ama ni mkweli, ama ni mjanja kupita kiasi. Inspekta hakuwa tayari kuamua.

"Fungua mafaili yake," alisema. "Taratibu. Ukifuta hata nukta nakurudisha selo."

Waliyapitia. Maandishi ya michezo, picha za viatu alivyotaka kununua, masomo ya upishi aliyoyaanza na kuyaacha. Kisha folda iliyoitwa *Vituko*.

"Hii nini?"

"Makosa ya kuchekesha. Mtu akikosea studio, Chiriku anachukua kutoka upande wa Besi, anaweka huku. Kila wakimaliza mchezo anawasikilizisha wenzake, wanachekana."

Kila faili lilipewa jina la kituko chake. *Mlango umelia. Chafya. Nimesahau jina langu.* Inspekta alishuka nayo mpaka chini, na mkono wake ukasimama.

*Kwikwi.*

Akabonyeza.

"Mama, nimechoka. Naondoka. *Hik!* Msi... *hik*... msinitafute. Jamani!"

Sauti nzito ikatoka kwenye kipaza: "Zuia pumzi."

"Nimezui... *hik*... nimezuia!"

"Kunywa maji, Chiriku, tumalize twende."

"Nimebugia chakula chako, ndiyo adhabu... *hik*... usinichekeshe bwana, Besi, nitakufa!" Na kicheko kikapasuka, cha msichana na cha mwanamume, kikaendelea mpaka faili likaisha.

Fundi alikuwa amekunja ngumi. "Hiyo ni kwikwi."

"Najua ni kwikwi."

"Si ya kulia, Afande. Ni ya tumbo! Anakula kama anafukuzwa, halafu inamshika. Nimemwambia mara ngapi..." Hakumaliza. Alijifunika uso kwa mikono, na safari hii Inspekta hakumkumbusha meza.

Neno ni moja, na hapo ndipo polisi nzima ilipoteleza. Mtoto aliyechapwa ana kwikwi, mlevi naye ana kwikwi. Askari alisikia kwikwi, na kwa kuwa maneno yalikuwa ya huzuni, akaongeza *akilia*. Mkuu akasoma *akilia*, akaona msichana aliyechoka na maisha. Hakuna aliyeuliza ni kwikwi gani. Inspekta naye hakuuliza, na alijiona mjinga.

Akaziweka sauti mbili, moja juu ya nyingine, ili michoro yake ionekane. Ziligandana. Palepale panapopanda hii, ndipo inapopanda ile. Tofauti ni kwamba *Kwa Mama* ilikatwa kabla ya "jamani".

"Huu mchezo umeshasikika redioni?"

"Bado. Mama yake hakosi hata mmoja. Angeujua."

Bado kulikuwa na swali la kwa nini. Jibu lilikuwa folda iliyofuata, *Za Besi*. Hazikuwa vituko. Zilikuwa sauti za watu wakiongea ya ndani mwao bila kujua kwamba wanasikika: wageni wa studio, katika chumba cha kusubiria, wanaongea na wake zao, na wasio wake zao. Besi alikuwa ameficha kinasa sauti mle. Rekodi ya mwisho ilikuwa ya simu. Mwanamke anamlilia Besi, na hapo hapakuwa na utata ni kilio gani: anamwomba asimsikilizishe mumewe, atafanya chochote atakachotaka. Chiriku alikuwa amekwenda kutafuta vichekesho upande wa mwenzake, akayakuta hayo.

"Ulijua?" Inspekta aliuliza.

"Aliniambia ana jambo, ataongea na Besi kwanza, ni mtu wake, wametoka mbali." Fundi alifuta pua kwa mkono wa fulana. "Nikamwambia sawa. Afande, mimi nilimwambia sawa!"

Besi aliitwa kuja kuchukua kompyuta yake. Hakuchelewa. Aliingia chumba cha mahojiano akiwa amepiga pasi, ananukia, na mfuko mkubwa wa kubebea mashine begani.

"Habari za kazi, Afande. Poleni na majukumu. Nilipopigiwa simu nikasema, afadhali, maana kazi zangu zote zimekwama."

"Kaa. Utasaini hapa, lakini nisaidie kwanza jambo dogo la maelezo yako, mwandiko wa askari wetu unanisumbua. Kompyuta hii unaizima au unailaza?"

"Naizima wapi! Nailaza. Mimi nikirudi nataka nikute vitu vyangu kama nilivyoviacha."

"Mara ya mwisho uliilaza lini?"

"Jumatatu jioni. Jumanne homa ikanishika, sikutoka ndani. Jumatano vilevile. Mpaka Alhamisi askari waliponijia nyumbani."

"Ukaiamsha mbele yao."

"Mbele yao. Kila kitu palepale."

"Kasoro faili moja."

Besi akashusha pumzi ndefu, akatikisa kichwa. "Kasoro hilo. Inauma, Afande. Yule mtoto alikuwa kama mdogo wangu."

"Paswedi yako nani mwingine anaijua?"

"Hakuna. Hata mke wangu."

"Sasa hilo faili liliingiaje?"

"Kutoka upande wao. Sijui yeye, sijui yule mchumba wake. Sitaki kumsingizia mtu, lakini yule kijana ndiye aliyeleta huo mfumo wake, na anajua mambo mengi mno. Mimi upande wao siuoni hata. Kompyuta inaniambia niufute tu."

"Kwa hiyo wameliweka wewe ukiwa umelaza."

"Ndivyo itakavyokuwa."

"Besi," Inspekta alisema, "upande uliolala hauwekwi kitu."

Besi alitabasamu kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Inspekta akamweleza, polepole, bila kuongeza chumvi. Unasomwa, haupokei. Na ukilazimishwa, unaamka mtupu. Akaisukuma ile picha mbele yake. "Haya matokeo ya mpira ni ya Jumatatu. Barua pepe hii uliiachia njiani Jumatatu. Hakuna aliyeugusa upande wako kwa nguvu. Aliyeliweka faili hili aliuamsha kwa paswedi, akaliweka, akaulaza tena. Faili lenyewe limeandikwa Jumanne. Homa yako ilikuruhusu kutoka?"

"Afande, mimi mambo ya kompyuta..."

"Usinifanye mtoto. Unaishi kwa kompyuta."

"Yule kijana anaweza kuwa ametafuta paswedi yangu. Wale ni mafundi."

"Anaweza. Sasa sikiliza hii."

Akacheza *Kwikwi*. Ilipofika "zuia pumzi", ile sauti nzito ikatoka kwenye spika na mwenye sauti akiwa kimya mezani. Uso wa Besi ulimshuka.

"Hiyo nimeshaifu..."

Ulimi ulimponyoka, naye akaufuata kwa mkono, akajifunika mdomo. Alichelewa.

"Umeshaifuta. Ni kweli, upande wako haipo, nimetafuta. Ila mwenzako alikuwa ameshajichukulia nakala siku nyingi, kwa ajili ya kuchekana. Na si hii tu. Amechukua za chumba cha wageni. Amechukua ya yule mama anayekulilia kwenye simu. Ulidhani umefunga mlango, Besi. Wewe ndiye uliyekuwa humwoni. Yeye alikuwa anakuona."

Besi alitazama mfuko wake mtupu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Sijamuua," alisema.

"Nimesema ameuawa?"

"Sijamuua, Afande. Nilitaka tuongee. Alisema lazima ataenda kwa yule mama wa simu, atamwambia yote. Nikamwomba asubiri. Nilitaka asubiri tu!"

"Yuko wapi?"

Besi akaukumbatia mfuko wake.

"Besi. Yuko wapi?"

"Nimemwachia maji," alisema, na ile sauti yake nzito ikawa nyembamba.

Inspekta akainuka kitini. Alikuwa amejiandaa kusikia mengi, hilo hakulitegemea. "Lini?"

"Juzi."

"Juzi! Hukurudi?"

"Niliona gari la polisi mtaani, nikaogopa." Akaanza kulia, na akaeleza. Nyumba ya marehemu mjomba wake, ile isiyomalizika, nyuma ya machimbo ya kokoto. Chumba cha ndani, kisicho na dirisha.

Inspekta aliingia kwa Mkuu bila kubisha hodi. Mkuu alikuwa anaweka miwani kwenye kasha, tayari kuondoka.

"Limefungwa?"

"Nataka gari, Mkuu. Yuko hai, au juzi alikuwa hai. Besi amekiri. Hakuna aliyeaga mtu. Ile ni sehemu ya mchezo wa redio."

Mkuu akairudisha miwani usoni. Akachomoa ufunguo mfukoni. "Magari yote yako nje. Chukua langu. Nampigia daktari."

Koridoni, mama yake Chiriku alikuwa palepale kwenye benchi, mkoba mapajani. Inspekta angeweza kumpita. Askari wawili walikuwa wanamngoja mlangoni, na kila dakika ilikuwa na uzito wake. Lakini miguu ilikataa. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nisikilize. Ile sauti siyo ya kukuaga wewe. Alikuwa anasoma mchezo wa redio. Wala hakuwa analia, alikuwa ameshikwa na kwikwi, walikuwa wanacheka. Kuna mtu aliikata ili tuache kumtafuta. Tumeshajua alikomfungia, tunakwenda sasa hivi."

Mama alimtazama muda, kama anayetafsiri.

"Hakuniaga?"

"Hakukuaga, mama."

"Hakusema amenichoka?"

"Hakusema."

"Jana nimegawa nguo zake," mama alisema. Hakuwa anamwambia Inspekta, alikuwa anajiambia. "Nimeziita takataka. Nikamwambia jirani chukua zote, mtoto aliyenikimbia sina haja na nguo zake. Na hapa sikuwa nakuja kumtafuta, mwanangu, usidanganyike. Nilikuwa nakuja kungoja mniambie yuko wapi, nikamwambie usoni kwamba hana shukrani. Nimeshayapanga maneno yote."

"Mama, tunaondoka. Baki hapa, nitakupigia."

Mama alikuwa ameshasimama. Alimpita Inspekta, akawapita askari wawili mlangoni, akaufungua mlango wa mbele wa gari la Mkuu, akakaa, akaweka mkoba mapajani. Askari mmoja alimwambia kwamba hairuhusiwi. Hakumsikia, au alimsikia.

"Endesheni," alisema. "Kumbe mtoto muda wote ananingoja, na mimi nimemnunia."